Shoki za gari kuukuu: pesa kidogo ianzie wapi

Ingia duka lolote la spea mjini Nakuru uulize bei ya shoki za Prado, na badala ya bei utapewa maswali. Prado gani? Ya mwaka gani? Mbele au nyuma? Za gesi au za mafuta? Mpya au eks-Japani, yaani mtumba wa kutoka Japani? Mwenye gari aliyeingia na bajeti moja kichwani hutoka na bei tano, ya juu ikiwa mara kadhaa ya ile ya chini, na kila muuzaji ameapa kwamba ya kwake ndiyo "original". Mwishowe wengi huchukua ya katikati. Ya rahisi inatisha, ya ghali inauma, basi mtu anajikuta hapo kati bila sababu nyingine yoyote.

Naona uamuzi huo hufanyiwa mahali pasipofaa. Maswali makubwa kuhusu shoki hujibiwa chini ya gari, kwa tochi na mikono michafu, na ukifika kaunta yawe yamebaki mawili au matatu tu. Anayeanzia dukani hununua jina la kampuni. Anayeanzia chini ya gari mara nyingi hugundua kwamba kitu kilichokuwa kikimsumbua hata si shoki.

Shoki haibebi gari

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uzito wa gari hubebwa na springi: koili kwenye SUV nyingi, kamani nyuma ya pikapu na baadhi ya magari ya zamani, au toshoni-baa, ile fimbo ndefu ya chuma inayopindwa, mbele ya Pajero na Isuzu Trooper za miaka ya tisini. Shoki haina sehemu katika kubeba huko. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya tairi kupita tuta au shimo. Springi iliyobanwa hutaka kufyatuka, ikifyatuka hupitiliza, ikirudi hubanwa tena. Bila kitu cha kuituliza, gari lingevuka tuta moja na kuendelea kudunda hadi tuta linalofuata, na barabara zetu hazikawii kuleta linalofuata.

Ndani ya shoki mna pistoni inayopita katika mafuta. Pistoni hiyo ina vijitundu na vali, na mafuta yakilazimishwa kupenya humo hupata joto. Nguvu ya ule mruko huishia humo, ikageuka joto na kutoka kupitia bati la shoki. Ndiyo maana baada ya kipande kibaya cha barabara shoki nzima huwa ya moto. Vali hupangwa ili shoki iwe ngumu zaidi inapofunguka kuliko inapobanwa, kwa hiyo shoki ikichoka gari huelea: pua inapanda, inashuka, inapanda tena, na abiria wa kiti cha nyuma wanaanza kuomba dirisha lifunguliwe.

Jambo moja zaidi kuhusu kazi hiyo. Ugumu wa shoki hutegemea kasi ya pistoni. Tumbukiza kiganja polepole kwenye ndoo ya maji na maji hayakukatalii. Yapige kwa nguvu na kiganja kinauma. Kwa hiyo muuzaji anapoikandamiza shoki kwa mikono miwili juu ya kaunta, akakuambia "ona hii ilivyo ngumu, mkubwa", hajakuonyesha mengi. Mkono wake unakwenda polepole mno kufikia kasi ambayo tairi hupandia tuta. Wala usiikatae shoki ya mafuta eti imebanwa na haikurudi juu yenyewe. Ile ya gesi hurudi kwa sababu presha ya gesi inaisukuma fimbo nje, na ya mafuta matupu haina cha kuisukuma. Zote mbili zinaweza kuwa nzima.

Kutokana na hayo, kama malalamiko yako ni kwamba gari linakaa chini nyuma ukipakia viazi kutoka Molo au mahindi ya shamba, shoki mpya hazitaliinua. Tatizo ni springi zilizochoka, au mzigo umezidi. Kuna wanaoziba pengo hilo kwa raba zinazopachikwa katikati ya koili. Gari linapanda kidogo, ni kweli, lakini ile sehemu ya koili iliyozibwa haifanyi kazi tena na mzigo wake unahamia sehemu nyingine. Pima kimo kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Upande mmoja ukiwa chini kwa kiasi kinachoonekana, anza na springi.

Chini ya gari, kabla ya duka

Kitu cha kwanza hakigharimu chochote, nacho ni upepo wa matairi. Kibandiko cha presha kwa kawaida kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wengi hujaza kupita kiasi kwa hoja ya mzigo, kisha wanazunguka na gari tupu lenye matairi magumu na kulaumu shoki kwa kila tuta la Kondele. Rudisha presha mahali pake, endesha siku kadhaa, halafu ndipo ulalamike.

Kinachofuata ni mlio. Katika gereji nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Mwalimu, shoki zimekwisha. Zote nne."

"Umejuaje, fundi?"

"Si unasikia inavyogonga?"

Kugonga ni ushahidi dhaifu. Mlio wa kong-kong kwenye vishimo vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza (vijifimbo vya ile baa inayozuia gari lisilale kwenye kona), bushi (raba za viungo) za mikono ya chini, au boljointi. Shoki ambayo vali zake zimekufa huwa kimya, hulegea tu. Ikigonga, aghalabu ni bushi yake yenyewe iliyoliwa au mauti ya juu inayoishikilia kwenye bodi. Mwombe fundi alitie gari jeki, aliweke juu ya stendi, kisha aingize chuma kirefu kwenye kila kiungo na kukisukasuka mbele ya macho yako. Linki mbovu itacheza waziwazi, na raba yake utaiona imepasuka au imekauka ikawa unga. Bei ya jozi ya linki ni sehemu ndogo tu ya bei ya jozi ya shoki. Fundi anayekataa kukuonyesha anakuuzia dhana.

Halafu mafuta. Shoki nzima hutoa jasho kidogo. Fimbo hupita kwenye sili, na kila inapotoka hubeba utando mwembamba wa mafuta. Gari linaloingia vijijini hukusanya vumbi juu ya utando huo, na sehemu ya juu ya shoki hupata rangi nyeusi iliyofifia. Hiyo si kasoro. Kasoro ni mafuta yaliyotiririka hadi chini, yaliyoloa, yenye tope nene linalofuata njia ya mtiririko. Ukiwa na shaka, ipanguse shoki kwa kitambaa mpaka ikauke, endesha kwa siku chache na uitazame tena. Inua pia ile raba ya vumbi inayofunika fimbo. Fimbo iliyotafunwa na kutu au iliyochubuka hula sili yake, na hata kama leo haivuji, itavuja.

Kipimo maarufu cha kukandamiza bampa na kuhesabu mara gari linavyodunda kinasaidia kidogo tu. Hukamata shoki iliyokufa kabisa, huiachia ile iliyo nusu hai, na kwenye gari lenye springi ngumu hakikamati kitu. Naamini zaidi vitu viwili. Kimoja ni tairi: pitisha kiganja juu ya nyuzi zake, ukilizunguka. Likiwa na mabonde na vilima vya mfululizo, limekuwa likirukaruka juu ya lami badala ya kuikanyaga. Shoki ndiyo mshukiwa mkuu, ingawa balansi mbovu na viungo vilivyolegea navyo huleta alama zinazokaribiana na hizo. Kingine ni joto. Ukitoka kwenye kipande kibaya cha barabara, simama salama na usogeze mkono karibu na kila shoki, kwa tahadhari maana huunguza. Shoki za ekseli moja huwa na joto linalokaribiana. Iliyobaki baridi wakati mwenzake ana moto haijafanya kazi.

Zingatia pia tabia ya gari kwenye breki. Ukishuka Sachang'wan ukakanyaga breki na pua ikazama sana kisha ikainuka kwa mawimbi, au ukapitwa na trela na gari likayumba na kuchelewa kutulia, hapo hatuzungumzi tena juu ya starehe. Tairi linaloruka haliwezi kufunga breki wakati liko hewani.

Gesi, mafuta, na yale ya katikati

Hakuna shoki ya gesi isiyo na mafuta. Hili linasemwa vibaya madukani kila siku, na mnunuzi huondoka akidhani ananunua kitu kama mtungi. Zote hufanya kazi kwa mafuta. Gesi, ambayo ni naitrojeni, huongezwa ili kuyaweka mafuta chini ya presha yasitoe povu. Pistoni ikienda mbele na nyuma kwa kasi kubwa na kwa muda mrefu, mafuta yasiyo na presha huchanganyika na hewa iliyo juu yake. Povu hupenya vali kirahisi mno, na shoki hulegea ghafla mpaka ipumzike. Dereva husikia gari limekuwa laini na la kuteleza, kisha baada ya kusimama kunywa chai linarudi kuwa zima.

Katika umbo la kawaida zaidi, shoki huwa na mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Pistoni hufanya kazi kwenye ule wa ndani, na mafuta ya ziada hukaa kati yake na ule wa nje. Juu ya akiba hiyo huwa na hewa ya kawaida, hapo unaambiwa ni "ya mafuta", au naitrojeni yenye presha ndogo, hapo unaambiwa ni "ya gesi". Tofauti ya bei baina ya hizi mbili kwa kawaida si kubwa, na kwa gari linalotoka mjini mara kwa mara ningelipa nyongeza hiyo bila kufikiri mara mbili.

Umbo la pili lina mrija mmoja tu. Mafuta na gesi hukaa humo humo, vikitenganishwa na pistoni ya pili inayoelea, na presha ya gesi ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya umbo la kwanza. Kwa kuwa mafuta yamegusana na bati la nje moja kwa moja, joto hutoka upesi, na povu ni nadra. Kwenye barabara ya changarawe yenye vijituta vya mfululizo, mbele ya Marigat au ndani ya mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil ambako trekta zimechimba njia, hapo mrija mmoja hujilipia. Lakini una udhaifu ambao muuzaji hautaji. Bati la nje ndilo ukuta ambao pistoni inapita ndani yake. Jiwe likilibonyeza, pistoni hukwama au huchubuka na shoki imekwisha. Ile ya mirija miwili ikibonyezwa kidogo nje, mrija wa ndani huenda usijue. Pia ile presha kubwa huongeza ugumu kwenye vishimo vidogo, na juu ya gari lenye bushi kuukuu ugumu huo hupita moja kwa moja hadi kwenye usukani.

Kwa hiyo mtu wa Kisumu ambaye safari zake ni Kakamega, Busia, na kijijini mwisho wa mwezi, hana sababu ya kununua mrija mmoja wa bei ghali kwa X-Trail ya 2003. Mirija miwili yenye gesi, mipya, kutoka kampuni inayojulikana, inamtosha. Anayebeba watalii Baringo kila wiki, hoja yake ni nyingine.

Na jina la kampuni halikuambii umbo. KYB ya Japani, ambayo wengi bado huiita Kayaba, huuza shoki za mafuta, huuza Excel-G ambazo ni mirija miwili yenye gesi, na huuza Gas-A-Just ambazo ni mrija mmoja. Anayesema "nimekuwekea KYB" bado hajasema kitu. Old Man Emu, za kampuni ya ARB ya Australia, zimepata sifa kubwa kwa madereva wa safari, na sifa hiyo inastahili, lakini hupangwa ziende pamoja na springi zao, nyingi zikiwa za gari lililoinuliwa au lenye mzigo wa kudumu. Ukizifunga juu ya springi zilizochoka za gari la kupeleka watoto shule, umelipa pesa nyingi upate gari gumu.

Eks-Japani na zilizojazwa mafuta

Hapa nina msimamo. Shoki ya mtumba, hata ikiwa ya kampuni bora duniani na imetoka kwenye gari lililovunjwa Japani, ni kifaa chenye sili na mafuta ambavyo umri wake huujui. Imekaa kwenye kontena, imelazwa, imerundikwa. Haivuji kwa sababu haijafanya kazi tangu ilipofunguliwa. Shoki mpya ya daraja la kawaida huishinda kwenye karibu kila hesabu, hasa ukikumbuka kwamba ufundi wa kufunga unalipiwa vilevile kwa nzima na kwa mbovu. Springi za eks-Japani ni habari nyingine. Springi ni chuma kitupu, unaweza kuipima kimo na kuitazama kama ina ufa au kutu, na ikiwa nzima utaitumia miaka.

Zile zilizojazwa upya ni mbaya zaidi. Fundi wetu wa jua kali ni hodari, na kwa mambo mengi ningemtetea, lakini angalia kinachofanyika. Shoki hutobolewa, mafuta yaliyobaki humwagwa, mengine humiminwa, mara nyingi yakiwa ya injini au ya gia otomatiki ambayo wepesi wake si ule uliokusudiwa na vali, kisha tundu hufungwa kwa kuchomelewa. Naitrojeni imetoka na haikurudi. Sili ile ile iliyovujisha mwanzo bado iko mahali pake, sasa ikiwa imeongezewa joto la kuchomelea. Kwa muda gari litaonekana gumu, maana mafuta mazito hufanya hivyo, halafu hurudi kuvuja. Na anayetoboa shoki ya mrija mmoja bila kujua alichoshika anachezea presha inayoweza kumrushia mafuta na chuma usoni.

Shoki ya gari lako, si ya jina la gari lako

"Prado" si jibu la kutosha, na hapa ndipo watu huuziwa vitu visivyoingia. Soma kodi ya chasi, yaani zile herufi na namba za aina ya gari, kwenye bati lililo ndani ya boneti au kwenye logibuku: KZJ95, kwa mfano, ni Prado ya milango mitano ya kizazi cha 1996 hadi 2002 yenye dizeli ya lita tatu. Kwa Toyota, namba za shoki halisi za mbele kwa kawaida huanza na 48510 au 48520, na za nyuma huanza na 4853. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Mpe muuzaji kodi nzima, au piga picha ya namba iliyo kwenye shoki kuukuu kama bado inasomeka. Ukiagiza kutoka Nairobi ikaja kwa basi, kosa la tarakimu moja ni nauli ya kurudisha na siku mbili gari likiwa juu ya mawe.

Kuna mitego michache iliyojificha. Baadhi ya Prado za kizazi cha 2002 hadi 2009 zilikuja na mifuko ya hewa nyuma badala ya koili, na shoki za TEMS zinazobadilishwa ugumu kwa swichi. Huwezi kufunga shoki za kawaida peke yake hapo na kuondoka. Mifuko ikiwa mibovu, wengi huhamia kwenye koili na shoki za kawaida, na bei ya kazi hiyo ijulikane yote kabla ya kuanza, pamoja na taa itakayobaki ikiwaka kwenye dashibodi. Subaru Forester nazo, na zimejaa Nakuru siku hizi, baadhi zina shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe kwa mwendo wa gari bila umeme wowote. Springi zake zimefanywa laini makusudi kwa kuwa shoki inasaidia kushika kimo. Hii ndiyo gari pekee katika makala haya ambapo ile kanuni ya juu, kwamba shoki haibebi gari, inapindwa. Ukiweka shoki za kawaida bila kubadilisha na springi, gari litakalia matako. Watu wamefanya hivyo, wakarudi kuilaumu shoki.

Halafu gari lililoinuliwa. Kama mwenye gari wa awali aliweka vipande vya kunyanyua juu ya springi, shoki ya urefu wa kiwandani hukaa imevutwa karibu na mwisho wake. Tairi likishuka shimoni, fimbo hufika kikomo na kugonga kwa ndani, na hakuna shoki inayostahimili hilo kwa muda mrefu. Ama utoe vipande, ama ununue shoki ndefu. Kwa bajeti ndogo, toa vipande.

Tuseme una elfu thelathini

Chukua kiasi hicho kama mfano tu, kwa gari la wastani ambalo shoki zake zote nne zimechoka na bushi kadhaa zimeliwa. Kishawishi ni kununua nne za rahisi kabisa zinazoingia ndani ya elfu thelathini na kumwachia fundi chenji. Mimi ningenunua mbili nzuri.

Shoki hubadilishwa kwa jozi ya ekseli, kushoto na kulia pamoja, kwa kuwa upande mmoja mgumu na mwingine mlegevu hulifanya gari livute na kuyumba kwenye breki na kona. Lakini hakuna sheria kwamba mbele na nyuma zibadilishwe siku moja. Fedha zikiwa haba, funga ekseli iliyo mbaya zaidi, na zikilingana kwa ubovu, anza na mbele, ambako kuna usukani na ambako uzito wa breki huangukia. Nyuma isubiri miezi miwili.

Kisha tenga sehemu ya pesa hizo kwa vitu vidogo ambavyo watu huvisahau: mauti za juu, raba za kuzuia shoki isifike mwisho, vifuniko vya vumbi, linki. Kufunga shoki mpya chini ya mauti iliyopasuka ni kulipa ufundi mara mbili, kwa sababu ili kuibadilisha mauti baadaye lazima kila kitu kishuke tena. Raba ya kuzuia iliyooza huiacha pistoni igonge kitako cha shoki kwenye shimo la kwanza kubwa. Ni raba ya bei ya soda chache.

Bei ya ufundi nayo hutofautiana kulingana na umbo la gari. Nyuma ya Prado au Land Cruiser ya toleo la 80, shoki imesimama peke yake mbali na springi: bolti ya chini, nati ya juu, kazi imekwisha, ugumu ukiwa kutu tu. Mbele ya Prado hiyo shoki imepita katikati ya koili, kwa hiyo koili lazima ibanwe. X-Trail ya toleo la T30 ni strati, yaani shoki na koili vikiwa kitu kimoja, pande zote nne, na strati ya mbele ni sehemu ya usukani wenyewe. Gari hilo la bei nafuu linaweza kukugharimu ufundi mwingi kuliko Land Cruiser, na baada ya kufunga strati za mbele, wili alainmenti si hiari. Weka pesa yake pembeni kabla ya kununua chochote.

Siku ya kufunga, kaa karibu. Mambo manne yanatosha kuyaangalia, na ukiyataja mapema kwa heshima fundi hatakasirika. Koili ibanwe kwa vibano vyake maalumu, vya kufanana na vilivyo salama, si kwa waya na kamba. Springi ikifyatuka inaweza kuua. Shoki ya mirija miwili isimamishwe wima, ibanwe na kuvutwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, mpaka ile sehemu tupu katikati ya mwendo wake iishe, kwa kuwa ililazwa njiani na gesi imeingia mahali pa mafuta. Fimbo inayong'aa isishikwe kwa koleo wakati wa kukaza nati ya juu. Jino moja la koleo huacha mkwaruzo usioonekana vizuri, na mkwaruzo huo hupita kwenye sili kila tuta, kila siku, hadi uichane. Hili ndilo chanzo cha shoki nyingi mpya "feki" zinazovuja baada ya wiki kadhaa. Na bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hubaki imepindwa gari likishuka, na hupasuka mapema.

Dai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya ushuru KRA, yenye namba ya shoki, na uweke boksi. Muuzaji aliyekuahidi garantii kwa mdomo huwa amesahau mdomo huo ukirudi na shoki inayovuja, lakini namba iliyo kwenye risiti na iliyo kwenye bati haisahauliki. Kagua pia kabla ya kulipa: namba ya boksi na ya shoki zilingane, fimbo isiwe na doa la kutu, nyuzi za nati ziwe safi. Shoki mbili za jozi moja zikitofautiana rangi, herufi au uzito mkononi, zirudishe zote.

Baada ya kilomita mia chache rudi nati zikaguliwe, maana raba mpya hukaa na kulegea kidogo. Na kama matairi yalikuwa yamekwisha pata mabonde, yatavuma vile vile kama zamani juu ya shoki mpya. Yahamishie nyuma, yamalizikie huko, na usimrudishie muuzaji shoki kwa ajili ya mvumo huo.